Ratiba, mswada na hoja bungeni: Tusiyachanganye
Aghalabu nawasikia watangazaji wetu wakiita kila jambo la bungeni 'ajenda'. Maneno yakichanganywa hivyo, mwananchi ndiye anayepotea.

Katika Bunge la Kitaifa, Kamati ya Shughuli za Bunge, ambayo mwenyekiti wake ni Spika, ndiyo huafikiana kuhusu yatakayojadiliwa na lini. Alhamisi, Kiongozi wa Wengi huwasomea wabunge taarifa ya shughuli za wiki inayofuata. Mpangilio huo wa siku ndio ratiba. Mambo ya kikao kimoja huwekwa katika orodha ya shughuli. Humo mna miswada, yaani sheria zinazopendekezwa, na hoja, yaani masuala ambayo Bunge linaombwa liyaamue.

Kwa nini nashikilia tofauti hizi? Mswada usiopata nafasi kwenye ratiba haujapitishwa wala kukataliwa. Umekaa tu, na muhula wa Bunge ukiisha, nao umekufa.

Kifungu cha 120 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Basi jamani, tukitumie sawasawa, raia ajue amuulize mbunge wake nini, na lini.