Kijana Akilemewa na Masomo ya Udaktari

Huenda nawe una kijana anayesomea udaktari pale kilimani Bugando, ambako hospitali ilifunguliwa mwaka 1971 na masomo ya shahada ya udaktari yakaanza mwaka 2003. Umeuza dagaa Mwaloni, umekopa, umebana matumizi ya nyumbani. Mara wapata habari kwamba ameanguka mitihani. Neno la kwanza utakalotamka ni, "Ongeza bidii!"

Neno hilo laweza kumdidimiza zaidi. Wavivu wapo, hatukatai. Lakini wengi hukesha. Kosa limo katika namna ya kukesha: hupitia kurasa zile zile mara tano, wakazizoea, wakadhani wamezielewa.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Baadhi walizisoma tena. Wengine waliziweka kando wakaandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliongoza. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Na ni daktari gani amtibuye mgonjwa dakika tano tu baada ya kufunga kitabu?

Mmarekani mwingine, David Ausubel, alisisitiza katika miaka ya 1960 kwamba elimu mpya hushika pale inapokuta elimu ya zamani ya kujishikiza. Tuchukue kichocho. Mwanafunzi hukariri hatua za maisha ya mnyoo huyo, na kesho yake zimechanganyika. Kumbe kijana aliyekulia Ukerewe amekwisha kuona ufuo usio na choo, konokono majini, na watoto wanaooga. Na aanzie hapo: kinyesi chenye mayai huingia ziwani, mayai huanguliwa, vijidudu humwingia konokono, humo huzaana, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mwogaji. Linalobaki la kukariri ni majina tu.

Basi akija nyumbani, usimwulize amesoma saa ngapi. Mketishe barazani, kitabu kikiwa kimefungwa, akueleze ugonjwa mmoja kwa Kiswahili. Atakapokwama ndipo pa kurudia. Huhitaji kuwa daktari. Kule kutojua kwako ndiko kutakakomlazimisha kufafanua.

Iko pia aibu. Aliyezoea kuwa wa kwanza darasani huona haya kumwendea mwalimu. Mwambie kwa upole aende sasa, asingoje mtihani wa marudio.