Gari la kasi kwa fedha kidogo: Bei ya injini ni mwanzo tu wa gharama

TANGU Colin McRae aliposhinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, naye Richard Burns akapata ushindi kwa gari la aina hiyo mwaka 2000, jina la Impreza halijapoteza mvuto wake miongoni mwa wapenzi wa magari nchini Kenya. Hata hivyo, Impreza nyingi zinazoonekana barabarani si jamaa wa karibu wa zile za mashindano. Zina injini ndogo ya cc 1,500, yenye nguvu za farasi 100 hivi, ambayo huhema kila inapokabili mlima.

Hapo ndipo wazo la kubadilisha injini huzaliwa. Mwenye gari huzuru maduka ya vipuri vilivyotumika, mathalan yale ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, akaona injini kubwa kutoka Japani ikiuzwa kwa bei inayoonekana nafuu mno ikilinganishwa na bei ya gari zima lenye nguvu kama hizo. Anachokosa kuona ni kwamba bei hiyo ni sehemu tu ya gharama, na kwamba kinachoachwa nje ya hesabu mara nyingi ndicho kinacholinda maisha.

Ukubwa na nguvu

Ukubwa wa injini ni jumla ya nafasi ambayo pistoni hupitia ndani ya silinda zote. Injini ya Subaru ya cc 2,000, inayojulikana kama EJ20, ina silinda nne zenye upana wa milimita 92, na pistoni zake husafiri milimita 75. Ile ya cc 2,500, yaani EJ25, ina upana wa milimita 99.5 na mwendo wa milimita 79. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, hewa na petroli huingia kwa wingi zaidi katika kila mzunguko, na nguvu huongezeka.

Lakini hewa yenyewe haina uzito sawa kila mahali. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo ikifanya kazi jijini hupoteza takriban sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Injini iliyosifiwa kuwa na nguvu za farasi 155 huko Japani itatoa kama 130 ikiwa Nairobi. Turbo, ambayo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ndiyo maana tofauti ya injini hizi mbili huonekana wazi zaidi Limuru au Nakuru kuliko Malindi.

Chaguo tatu

Bahati ya mwenye Impreza ni kwamba injini hizi ni za ukoo mmoja. Kwa jumla hushikiliwa katika sehemu zile zile na huungana na giaboksi kwa mpangilio unaokaribiana, hivyo haihitajiki kukata na kuchomelea mwili wa gari.

Chaguo la kwanza ni EJ20 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi kati ya 125 na 155 kutegemea toleo. Hii ndiyo inayodai mabadiliko machache zaidi. Chaguo la pili ni EJ25 isiyo na turbo, ambayo hutoa nguvu 165 hivi na huvuta vizuri hata mzunguko ukiwa wa chini. Udhaifu wake unajulikana duniani kote: matoleo yake ya awali hasa huvujisha maji au oili kupitia gasketi ya kichwa. Anayeinunua hana budi kutenga fedha za gasketi mpya na kazi ya kunyoosha vichwa kabla injini haijaingia garini.

Chaguo la tatu ndilo linalotamaniwa na wengi: EJ20 ya turbo kutoka Impreza WRX, ambayo kwa soko la Japani ilitoa nguvu za farasi 250. Kuruka kutoka 100 hadi 250 ni sawa na kulifanya gari kuwa gari jingine. Tatizo ni kuwa sehemu nyingine zote hubaki za gari lile la awali.

Gharama zilizojificha

Injini ya turbo huhitaji nyaya zake, kompyuta yake, pampu ya petroli yenye msukumo mkubwa zaidi, bomba la moshi jingine, kipoza hewa na rejeta inayoweza kuhimili joto. Aidha, injini hiyo ilipangwa kutumia petroli ya daraja la juu, ambayo Japani huuzwa ikiwa na kiwango cha okteni cha 100 hivi. Petroli ya kawaida ya Kenya haifiki hapo. Petroli isiyofaa huweza kuwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na milipuko hiyo hupasua pistoni. Kuirekebisha kompyuta ilingane na mafuta yanayopatikana nchini ni hitaji la lazima.

Giaboksi ya gari la cc 1,500 nayo haikuundwa kwa mzigo huo. Ikibadilishwa katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, uwiano wake lazima ulingane na ule wa difu ya nyuma. Usipolingana, magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana, na giaboksi huharibika kwa muda mfupi.

La muhimu kuliko yote ni breki. Gari likienda kwa kasi mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka mara nne. Diski ndogo zilizotosha kusimamisha gari la mjini hupata moto kupita kiasi zikitumiwa katika mteremko kwa kasi kubwa, na kanyagio hufika chini bila gari kupunguza mwendo. Breki, magurudumu na springi vinapaswa kununuliwa kabla ya injini.

Tuseme mtu ana Sh400,000. Busara ni injini na vifaa vyake visizidi nusu ya fedha hizo. Robo iende kwa breki, magurudumu na klachi. Robo ya mwisho ihifadhiwe kwa ufundi, usajili na yale yasiyotarajiwa. Injini ambayo bei yake haiingii katika mgao huo haifai kununuliwa, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kukagua kabla ya kulipa

Injini kuukuu haina historia inayoweza kuaminika kwa maneno ya muuzaji. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Vipimo vikitofautiana sana, injini hiyo imechoka. Oili imwagwe na kuchunguzwa: chembe zinazong'aa huashiria kuwa beringi za krenki zimeanza kulika. Oili yenye rangi ya maziwa huonyesha kuwa imechanganyika na maji. Ni afadhali pia kununua injini pamoja na nyaya na kompyuta yake, kwani kuvitafuta kimoja kimoja hugharimu zaidi.

Injini ikiwa bado chini, mkanda wa taimingi na pampu ya maji vibadilishwe. Mkanda ukikatika safarini, valvu hugongana na pistoni, na fedha zote zilizotumika huwa zimepotea.

Sheria na bima

Kitabu cha usajili wa gari huonyesha nambari ya injini na ukubwa wake. Mabadiliko hayo lazima yajulishwe Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi (NTSA), na gari likaguliwe. Stakabadhi za ununuzi zihifadhiwe, kwa sababu injini isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi.

Bima nayo hutolewa kwa msingi wa maelezo ya kweli. Gari lililokatiwa bima likiwa na injini ya cc 1,500, kisha likapata ajali likiwa na turbo ya cc 2,000, huipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Mzigo wa hasara unaweza kumwangukia mwenye gari.

Kwa mwenye fedha chache, basi, EJ20 isiyo na turbo pamoja na breki bora ndiyo njia yenye hekima zaidi. Anayeshikilia kuwa ni lazima apate turbo afadhali auze gari lake, aongeze akiba na kununua WRX iliyotoka kiwandani ikiwa na breki, giaboksi na difu zinazostahimili nguvu hizo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika jambo hili kuinama ni kupiga hesabu yote kabla ya kufungua boliti ya kwanza.