Nundu ya Kidole Gumba: Kiatu Kina Hatia Gani? (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza kwamba nundu inayojitokeza kando ya kidole gumba cha mguu si mfupa mpya uliochipuka. Ni mfupa mrefu wa wayo ulioacha mstari wake na kusogea kuelekea mguu wa pili, huku kidole chenyewe kikiwalalia wenzake. Kiungo kilicho kati ya mfupa huo na kidole huchomoza, kikasuguliwa, kikavimba. Leo tutazame chanzo, kwa sababu wagonjwa wengi hutafuta dawa ya kupaka ilhali kinachowaumiza wamekivaa.

Mwaka 1958 madaktari Sim-Fook na Hodgson walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa Hong Kong, uliolinganisha Wachina waliozoea kuvaa viatu na wale waliotembea peku. Kati ya wenye viatu, asilimia 33 walikuwa na kidole kilichopinda. Kati ya wasiovaa, hawakufika hata asilimia 2. Ushahidi wa pili umetoka makaburini. Watafiti wa Cambridge, Uingereza, walipima mifupa ya watu 177 wa zama za kati na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Waliozikwa kati ya karne ya 11 na ya 13 walikuwa na tatizo hili kwa asilimia 6 tu, lakini katika karne ya 14 na ya 15, viatu vyenye ncha ndefu vilipokuwa fahari ya mjini, kiwango kilipanda hadi asilimia 27. Tofauti ya kitabaka inazungumza zaidi: katika makaburi ya wakulima wa kijijini ilikuwa asilimia 3, na katika makaburi ya nyumba ya watawa, walimozikwa pia matajiri, asilimia 43. Wazee wenye vidole vilivyopinda walionyesha pia dalili nyingi zaidi za mifupa iliyovunjika kwa kuanguka, kwa hiyo madhara hayakuishia kwenye sura ya mguu.

Hapa huja pingamizi lenye uzito: mbona ndugu wa tumbo moja hupata nundu, na jirani aliyevaa viatu vyembamba maisha yake yote akabaki salama? Ni kweli kwamba tatizo hili hufuata ukoo. Mtu hurithi umbo la wayo na ulegevu wa kano, na ndiyo maana hata wale wakulima na wale watembea peku hawakuokoka wote. Lakini urithi unatuambia ni nani aliye hatarini, hautuambii kwamba hakuna la kufanya. Mwenye mama au bibi aliyepinda vidole ndiye hasa anayepaswa kuhadhari na kisigino kirefu, ambacho humwaga uzito wa mwili mbele na kuvibana vidole katika nafasi isiyovitosha.

Pingamizi la pili ni kwamba kubadilisha viatu hakunyooshi kidole. Nalikubali kabisa. Vifaa vya kuvaa usiku vinavyouzwa kwa ahadi ya kukirudisha kidole cha mtu mzima mahali pake havina uthibitisho wa kutosha. Ila kupinda na kuuma ni mambo mawili: wapo waliopinda sana wasiosikia maumivu, na maumivu mengi hutokana na msuguano. Simama juu ya karatasi jioni, wakati miguu imevimba kidogo, uchore mzingo wa wayo, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Kikiwa chembamba kuliko mchoro, umempata mkosaji. Wanaonunua viatu vya mtumba wawe waangalifu zaidi, maana kiatu hicho kimekwisha kufinyangwa na mguu wa mtu mwingine. Barafu iliyofungwa kitambaani na paracetamol husaidia siku za uchungu. Ibuprofen pia, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo bila kumwuliza daktari.

Je, upasuaji? Jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 2001, lenye wagonjwa 209, lilionyesha kwamba soli maalumu za ndani ya kiatu zilileta nafuu ya muda, na kwamba baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora kuliko wengine. Sioni sababu ya kuuficha ukweli huo. Mtu ambaye maumivu yanamzuia kutembea hata katika kiatu kipana asiogope kumwona daktari wa mifupa. Asiyeumwa, anayechukia tu sura ya mguu wake, afikiri mara mbili: mfupa hukatwa, kuunga huchukua wiki kadhaa, uvimbe hukaa miezi, na kidole huweza kupinda tena.

Wawili wasisubiri kubadilisha viatu kwanza. Aliyeamshwa usiku na kidole gumba chekundu chenye moto na uchungu wa ghafla huenda ana jongo, ambalo lina tiba yake. Na mwenye kisukari akiona ngozi ya nundu imechubuka, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani ganzi ya miguu humfichia kidonda mpaka kinaoza.