Sayari na Falaki: Maneno Yaliyozaliwa Dunia Ikiwa Katikati

Tunapofundisha maneno ya mkopo, sisi walimu hupenda kutaja "sayari" na "falaki". Yote mawili yametoka katika Kiarabu. Asili ya sayari ni kitu kinachotembea, na Wagiriki nao waliziita sayari kwa neno lenye maana ya mzururaji. Falaki asili yake ni tufe la mbinguni linalozunguka. Mara nyingi tunaishia hapo, na wanafunzi wakisikia kwamba wahenga waliiweka Dunia katikati, hucheka. Kicheko hicho si cha haki.

Kwa watu wa kale sayari zilikuwa saba: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Dunia haikuwamo, kwani iliaminika kuwa imetulia. Nyota nyingine hazibadili mpangilio wao, lakini hizo saba husogea kati yake. Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili. Mirihi huelekea mashariki usiku hadi usiku, lakini kila baada ya miezi 26 hivi husimama, hurudi nyuma kwa majuma kadhaa, kisha huendelea na safari yake. Tena wakati wa kurudi nyuma ndipo hung'aa zaidi. Matufe ya Eudoxus wa karne ya 4 K.K., yote yakiwa na Dunia kama kitovu, hayakuweza kueleza mng'ao huo, maana umbali wa sayari haukubadilika kamwe.

Ptolemy aliyefanya kazi Alexandria, Misri, mnamo mwaka 150 B.K., aliendeleza wazo la waliomtangulia: sayari huzunguka katika duara dogo, na kitovu cha duara hilo huzunguka katika duara kubwa. Inapopita upande wa ndani wa duara dogo, huonekana ikirudi nyuma, na huwa karibu nasi zaidi. Hesabu zake zilitumika kwa zaidi ya miaka 1,300.

Je, hakuna aliyefikiri vinginevyo? Aristarchus wa Samos alikwisha kusema katika karne ya 3 K.K. kwamba Dunia hulizunguka Jua. Wapinzani walikuwa na hoja nzito: kama Dunia inasafiri, mbona nyota hazionekani kuhama mahali pake? Kwa kweli huhama, ila kwa kiasi kidogo mno. Bessel alifaulu kukipima mwaka 1838 tu.

Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka 1543, kurudi nyuma kwa Mirihi kulipata maelezo mepesi. Basi likipita lori barabarani, abiria huliona lori kama linarudi nyuma. Dunia nayo huipita Mirihi vivyo hivyo. (Hata yeye hakuyaacha maduara madogo, Kepler ndiye aliyeyaondoa mwaka 1609.) Jua na Mwezi vikatoka katika orodha ya sayari, Dunia ikaingia. Sentensi "Dunia ni sayari", ambayo mwanafunzi wetu huiandika bila kufikiri, kwa Ptolemy ingekuwa sawa na kusema kwamba kilichotulia kinatembea.