Kumbukumbu za Wagonjwa na Mashine Inayojifunza

Hospitali huandika habari za kila mgonjwa: umri wake, maradhi yake, dawa alizopewa na mwisho wake. Siku hizi kompyuta huweza kupitia kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa na kujifunza humo kanuni za kubashiri. Lakini yafaa tujue kumbukumbu hizo zasema nini hasa.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Marekani walitaka kubashiri ni wagonjwa gani wa nimonia walio katika hatari ya kufa, ili hao walazwe, na wengine watibiwe nyumbani. Kompyuta ikatoa kanuni ya ajabu: mgonjwa wa nimonia aliye pia na pumu hatari yake ni ndogo kuliko ya asiye na pumu. Mashine haikukosea hesabu. Wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja katika chumba cha wagonjwa mahututi, wakaangaliwa sana, wakapona. Basi kumbukumbu zilionyesha nguvu ya uangalizi, wala si wepesi wa maradhi. Lau kanuni ile ingalifuatwa, wenye pumu wangalirudishwa nyumbani, wakakosa uangalizi ule ule uliokuwa ukiwaokoa.

Kwa hiyo wataalamu wale waliiacha njia iliyobashiri vizuri kuliko zote, kwa kuwa kanuni zake zilifichika. Mwaka 2015 Rich Caruana na wenzake walieleza njia ambayo kanuni zake husomeka, hata tabibu aweza kuzikagua na kuzisahihisha kabla hazijamdhuru mgonjwa.