Chungu, Kitabu na Rangi Katika Siku za Baridi

Wenzetu wa Ulaya wana majira ya baridi yenye theluji, na katika miezi hiyo hujifungia ndani wakiota moto. Sisi tuishio Mbarara, karibu kabisa na Ikweta, theluji hatuijui. Hata hivyo mji wetu umekaa juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi tunayo. Huja na mvua za Machi hadi Mei, ikarudi na mvua za Septemba hadi Desemba. Na hata katika ukavu wa Juni na Julai, usiku hutetemesha. Asiyesadiki na amuulize askari wa zamu ya usiku.

Siku kama hizo nyumba huwa ndogo. Watoto hugombana, mama huchoka, na baba aliye likizo hutafuta kisingizio cha kwenda kilabuni. Kwa familia ambayo baba yuko kazini mbali, na kwa familia iliyokimbia kwao ikapewa kiwanja katika makazi ya Nakivale, uzito ni zaidi. Mtu akikaa bure akisikiliza mvua juu ya bati, mawazo humrudisha kule alikotoka. Yafaa basi tuifanye siku ya baridi kuwa siku ya nyumba. Ziko kazi tatu ambazo meko moja yatosha kuziunganisha.

Chungu kisicho na haraka

Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwaka 1958, na wakazi wake wa mwanzo walitoka Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na kila taifa limekuja na mapishi yake. Mkongo hutwanga sombe, yaani majani ya muhogo. Msomali hutia iliki na mdalasini katika chai. Na mwenyeji wa Ankole husonga ugali wa wimbi uitwao karo, akauandalia eshabwe, mchuzi mweupe wa samli.

Kwa asubuhi ya mvua, chakula kifaacho ni katogo, kwa kuwa chahitaji chungu kimoja tu. Roweka maharage tangu jioni, kisha mwaga maji yale. Yachemshe kwa moto mkali dakika 10 za mwanzo, halafu punguza moto, funika, uyaache yaive taratibu. Nyanya na chumvi zisitiwe mapema, kwani nyanya huchelewesha maharage kulainika. Yakiisha kuiva, panga juu yake matoke yaliyomenywa, kitunguu, nyanya na chumvi. Funika kwa jani la mgomba hadi matoke yalainike. Maharage yaliyorowekwa hula kuni chache, na hilo si jambo dogo. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula umepunguzwa kwa familia nyingi za wakimbizi nchini, na kuni nazo hutafutwa kwa miguu.

Sombe nayo isiharakishwe. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, nayo huondoka kwa kutwangwa sawasawa na kuchemshwa kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi. Muda huo mrefu ndio faida yetu, maana mpishi hawezi kuondoka, na watoto hawataki kuondoka.

Kitabu kando ya meko

Hapo ndipo kitabu kinapoingia. Asome mmoja kwa sauti, wengine wasikilize, akichoka, apokewe. Asiyejua kusoma asidhani kuwa hana sehemu, kwani yeye ndiye atakayeuliza maswali mazuri.

Kwa familia za askari ningependekeza *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Karama, mshitakiwa, asimama barazani na kujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao, kisha wakalipwa ubaya. Simulizi sita zatosha jioni sita, na kila moja humfanya mtoto wa polisi aulize haki ni nini. Kwa vijana wakubwa kipo *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2022. Gurnah aliikimbia Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1960, akapata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Kijana wa Nakivale na alijue hilo.

Liko na jambo jingine. Katika Uganda Kiswahili kimekuwa kwa muda mrefu lugha ya majeshi. Katika miaka ya 1970 wananchi wengi walikihofu, kwa kuwa walikisikia vinywani mwa watu wenye bunduki: simama, fungua, toka nje! Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe shuleni. Lakini azimio peke yake haliondoi hofu. Mtoto amsikiapo baba yake akisoma hadithi kwa lugha ile ile aliyotolea amri mchana, huipenda lugha hiyo, na baba naye huonekana mwingine.

Rangi za jikoni

Kazi ya tatu ni kuchora, wala usiseme rangi ni ghali. Saga mkaa uliopoa, uchuje kwa kitambaa, upate rangi nyeusi. Udongo mwekundu wa Ankole hutoa nyekundu, na udongo mweupe hutoa nyeupe. Changanya kila moja na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ishike. Tengeneza kiasi cha siku moja tu, kwani uji huchacha. Kijiti kilichotafunwa ncha ni brashi, na boksi lililokunjuliwa ni karatasi.

Rangi hizo tatu zina heshima yake. Mashariki mwa Rwanda, wanawake walipamba kuta za ndani kwa imigongo, yaani michoro ya matuta iliyofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha ikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 sanaa hiyo ilikuwa karibu kupotea, na ni wanawake walioifufua.

Huko Lubumbashi, katika miaka ya 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo 100. Alizichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akazieleza moja moja kwa Kiswahili. Tujifunze kwake kwamba picha hufungua maneno. Mtoto akichora nyumba waliyoiacha Kivu, usimsahihishe mistari, muulize, "Hapa ni wapi? Huyu ni nani?" Na picha ya mtoto wa askari iwekwe ukutani, baba arudipo aelezwe yaliyopita.

Hadhari

Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hata kama baridi ni kali. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala asiamke tena. Pikieni barazani au penye dirisha na mlango wazi, na jiko libaki nje wakati wa kulala. Joto la usiku litafutwe katika blanketi.

Ndugu wazazi, mawingu yakitanda juma hili, rowekeni maharage jioni, mtafute kitabu kimoja, na mtunze makaa yaliyozimika. Mvua itawakuta tayari.