Mjane na Bustani ya Majira ya Baridi

Mwishoni mwa Novemba, huko Uingereza na Uholanzi, saa kumi na moja jioni giza limeshaanza kuingia na bustani imebaki udongo mtupu. Mtu angedhani bustani ya namna hiyo haina cha kumpa mjane. Mimi naona inampa zaidi ya ile ya kiangazi, kwa kuwa haimdai furaha. Inamdai kazi tu, tena chache na zenye wakati wake. Kitunguu saumu hupandwa Oktoba au Novemba, maana kikikosa wiki kadhaa za baridi hakigawanyiki vizuri kuwa punje. Tulipu hufukiwa kina cha sentimita 15 hivi, nayo huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ndipo ichanue masika. Anayeifukia Novemba amejiwekea miadi na Aprili, hata kama siku hiyo haoni sababu ya kuifikia.

Mwaka 1999 wanasaikolojia Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht walieleza kwamba mfiwa hupepesuka kati ya kumlilia marehemu na kuyashughulikia maisha yaliyobaki, na kwamba kupepesuka huko ndiko kunakomsaidia. Bustani inaruhusu yote mawili kwa saa moja: mikono inasambaza mboji, na waridi alilolipanda mume liko palepale, linangoja kupogolewa.

Kuna watakaosema huzuni haitibiwi kwa jembe. Kweli, haitibiwi. Hata jaribio la watafiti van den Berg na Custers la 2011, kuhusu bustani na msongo, liliwahusu wakulima 30 wa vishamba vya kukodi, si wajane. Baada ya zoezi la kuwabana akili, homoni ya msongo ilishuka zaidi kwa waliolima nusu saa kuliko kwa waliokaa ndani wakisoma. Ushahidi huo ni mdogo, na kufiwa si jambo la nusu saa. Wala bustani isiwe kisingizio cha majirani kuacha kubisha hodi. Ila kishamba cha kukodi kina majirani wake, wanaoazimana koleo na kugawana mbolea bila kumuuliza mtu anaendeleaje, na siku nyingine kutoulizwa ni nafuu. Sheria ya 1908 inazitaka halmashauri nyingi za Uingereza zitoe vishamba hivyo vinapohitajika. Tatizo ni foleni: katika miji mingi watu husubiri miaka. Mwenye goti bovu, au aliye bado kwenye orodha, aanze na chungu kimoja barazani, tulipu hazijali.